Mpira Uliopita Juu: Msimu Wangu wa Magongo Omani

Kombe liko wapi? Ndilo swali ninalorushiwa kila nikipita barazani tangu niliporudi. Sikulaumuni. Ni mimi mwenyewe niliyeaga mtaa mzima wa Mkunazini kwamba nakwenda Omani kudaka katika mashindano ya mpira wa magongo, na ni nyinyi mlionipa zile glavu zenye tundu kwenye kidole gumba. Basi kaeni nikuelezeni mara moja, nisije nikaulizwa tena nikiwa nanunua mkate.

Habari za pasi, viza na tikiti nazipita. Sijaona mtu aliyecheka kwa kusimuliwa foleni.

Jambo lilianza kwa sauti iliyotumwa kwenye simu na Mjomba Sleyum, kaka yake mama, anayekaa Ibra, Omani. Ana miaka sabini na minane na sauti ya muadhini. "Mwana wa dada! Tumeingia mashindano ya majimbo manne. Magongo, kama yale yetu ya Unguja! Kila kitu tunacho, tumekosa golikipa tu. Njoo." Mimi nina miaka arobaini na minne na sijapata kukaa mahali pamoja miaka miwili ikatimia. Mtu akiniambia njoo, natafuta viatu kwanza, kisha ndiyo nauliza wapi. Na kweli nilidaka magongo nilipokuwa sekondari, ingawa timu yetu ilikuwa na wachezaji tisa na magongo sita.

Kuhusu Mjomba, ukoo mzima unajua hadithi moja. Mwaka wa mwisho kabla ya mapinduzi, akiwa kijana wa miaka kumi na saba, alifunga mabao matatu katika mechi moja, yote chini, kona ya kushoto. Yeye na jamaa walipoondoka Unguja, wengine walitoka na dhahabu, yeye alitoka na gongo lake.

Asubuhi ya safari mama aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mjombako hajapata kucheza hata dakika moja," akasema. "Msimu mzima alikuwa akiba. Alikuwa akiwabebea wenzake magongo, na ndimu za kufyonza wakati wa mapumziko. Miaka sitini nayasikiliza mabao matatu yale, sijamwumbua."

"Sasa mimi nifanyeje, mama?"

"Uhakikishe anacheza. Hata dakika moja. Nimechoka kuwa na ndugu mwongo."

Huo ndio mzigo niliousafirisha. Glavu zilikuwa za ziada.

Maskati hadi Ibra

Mjomba alinipokea mwenyewe. Kavaa kanzu nyeupe na kofia, na kwenye kiti cha nyuma gongo lake limefungwa mkanda wa gari kama bibi harusi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Vizuri, golikipa mnene anaziba."

Njia ya saa mbili tuliimaliza kwa saa sita, kwa sababu kila palipokuwa na nyumba ya jamaa tulisimama ili nionyeshwe. "Huyu golikipa, katoka Unguja!" Kila nyumba kahawa, tende na haluwa. Nyumba hizo wazee wanasema Kiswahili alichozikwa nacho bibi yangu, na wajukuu wao wanasema kingine kabisa. Mmoja aliniuliza, "Mjomba, gongo yako iko wapi, kitu hii nacheza vipi?" Babu yake akafumba macho kama aliyechomwa sindano. Bibi mmoja alitaka habari za sinema aliyokuwa akienda usichana wake. Nikamwambia siku hizi ni maduka. Akanitazama kama mimi ndiye niliyeiuza, na kikombe cha pili cha kahawa sikukiona.

Ibra: ushindi wa kukaa

Mwenye mashindano alikuwa Donali, mwalimu kutoka Ailandi, kisiwa jirani na Uingereza, mtu mrefu, mwekundu kama pilipili iliyoiva. Kwao kuna majimbo manne, na zamani kila jimbo lilikuwa likichagua mafundi wake, wanashindana, watu wanajaa uwanjani. Kisha watu wakapunguka. Wachezaji wakawa wamechoka na mechi nyingine, watazamaji wakabaki jamaa na mbwa zao, mwisho mashindano yakaachwa. Donali bado anayalilia. Basi kaja kuifufua maiti yao kwenye nchi ya joto, ambako maiti haikawii kuharibika. Aliigawa Omani majimbo manne na kutupa majina ya kwao: sisi wa Ibra tukawa Konakti, Sur wakawa Manista, Nizwa wakawa Alsta, na Maskati wakawa Lensta.

Siku ya kwanza uwanjani tulikuwa watatu tu, yeye, mimi na Mjomba. Wenzetu walikuwa bado hawajamaliza chakula cha mchana. Donali alieleza sheria kwa robo saa nzima. Alichora goli mchangani, akaonyesha chini akainua vidole vitatu, akaonyesha juu akainua kidole kimoja. Kiingereza changu cha sekondari ni cha kusoma, chake kilikuwa cha mbio. Mjomba alisikiliza huku anatikisa kichwa, kisha akanigeukia.

"Anasema sheria ni zile zile."

Gongo la Donali halikuwa lile lile. Lilikuwa pana mwishoni, bapa, kama upawa wa pilau ya harusi. Mjomba alilipima mkononi, akamrudishia kwa adabu. "Mwambie ahsante. Mimi nimekuja kucheza, sikuja kupakua."

Wenzetu wakafika, sita, watu wa ofisi za serikali, kila mmoja kitambi kimemtangulia. Na mimi tukawa saba. Donali akatoa masharti mawili ambayo hata mimi niliyafahamu. La kwanza, timu isiyotimiza watu saba inafutwa. La pili, aliyepita miaka sitini hachezi, kwa sababu hataki kumrudishia mtu mzee wake akiwa kwenye machela. Mjomba angekuwa meneja, na akiba kwa jina tu. Neno hilo halikuhitaji kutafsiriwa. Akaanza kukusanya magongo yetu na kuyafunga pamoja kwa kamba, harakaharaka, kwa fundo zuri. Nikakumbuka jikoni kwa mama.

Mechi ya kwanza ilikuwa na Maskati, pale pale Ibra. Maskati hawakuja. Walituma ujumbe kwamba jua ni kali, kana kwamba jua lilikuwa limepangwa na sisi. Wakafutwa, nasi tukatangazwa washindi tukiwa tumekaa kwenye mkeka. Ijumaa ile jirani yake Mjomba, Bwana Khalfani, ambaye kila wiki husikilizishwa mabao matatu ya Unguja na kusema "mashallah", alituletea sinia la wali na mbuzi.

Ibra hadi Sur, kwa njia ya maji

Mechi ya Sur ilikuwa saa kumi za jioni. Tukatoka asubuhi, magari mawili, ili tufike mapema tupumzike. Ni mwenzetu mmoja aliyesema tupitie Wadi Bani Khalid tunawe nyuso tu.

Mkimpeleka mtu wa ofisi kwenye maji ya kijani katikati ya mitende, msitarajie atanawa uso. Waliingia wote sita, na vitambi vyao, wakipiga kelele kuliko watoto wa watalii. Visamaki vikaanza kuwadonoa miguu, wakacheka mpaka mmoja miwani ikamtoka ikazama. Tukaitafuta saa moja na nusu. Mjomba alisimama juu ya jiwe na gongo lake kama mchunga mbuzi.

"Tokeni! Watu wazima nyinyi! Manista wanatungoja!"

"Mjomba, bila miwani simwoni Manista."

"Humwoni hata ukiwa nayo! Toka!"

Miwani ilipatikana kichwani kwa mtalii mmoja, aliyeiokota akadhani haina mwenyewe. Aliirudisha kwa kuinamainama, na sisi tukaondoka tumelowa, tumelegea, tunanuka mwani.

Sur

Sur walikuwa mainjinia wa gesi, wazungu kwa Wahindi, mapaja kama magogo. Magoli yalikuwa ya mpira wa miguu, ila kila mwimo umefungiwa bomba refu la maji likaelekea mbinguni.

"Mjomba, mabomba haya ya nini?"

"Ya kuzuia mpira usipotelee baharini. Wewe angalia chini. Chini tu!"

Nikavaa kofia ya chuma yenye wavu usoni, mfano wa tenga la kuku, nikasimama. Nyuma yangu alikaa mzee mmoja wa Sur mwenye vitambaa viwili, cheupe na cha kijani. Mchezo ukaanza, na Sur wakawa hawana shabaha hata chembe. Wanapiga mpira juu! Unapita juu ya mwamba, kati ya mabomba, unakwenda zake. Kila ukipita, yule mzee ananyanyua kitambaa cheupe, nami najua ananiashiria mpira nje. Nikawa namshukuru. Mara ya kumi nikamwambia, "Leo hawa hawana bahati," naye akanitazama kwa huruma kubwa.

Wenzangu nao walicheza kama Mjomba alivyowafundisha kutoka kando: gongo lisipite bega, mpira usiache ardhi. Hatukupata bao. Lakini chini hapakupita kitu. Kipenga cha mwisho kilipolia nilinyoosha mikono juu, nikapiga magoti, nikabusu nyasi. Sare, ugenini, dhidi ya mapaja yale!

Donali akasoma matokeo. Sur kumi na tisa, Ibra sufuri.

Nilidhani amesoma karatasi ya mechi nyingine. Yule mzee wa vitambaa ndiye aliyenifahamisha kwa Kiswahili chake cha Sur, polepole, kama anamweleza mgonjwa. Ukipita chini ya mwamba ni bao, linahesabiwa pointi tatu, kitambaa cha kijani. Ukipita juu, kati ya mabomba, ni pointi moja, kitambaa cheupe. Nilikuwa nimeshukuru mara kumi na tisa.

Nikamfuata Mjomba. "Donali siku ile alisema nini?"

"Alisema mengi."

"Alisema juu kunahesabiwa?"

Akatazama bahari. "Alisema. Nikaona ni upuuzi, nikauacha. Mpira kupita juu ya goli ni aibu. Mimi siwezi kukutafsiria aibu."

Sur walitukirimu wali na nguru wa kuchoma, sinia moja washindi na washindwa. Mjomba alisusa kwa dakika kumi, kisha akala sehemu ya watu wawili. Nilipofungua buti la gari kuweka vifaa, nikaona magongo yetu yote yamekwishafungwa kamba, kwa fundo lile lile.

Ibra: wiki ya gongo

Ilibaki Nizwa, Ijumaa iliyofuata, kisha msimu umekwisha. Nilimwendea Donali mara mbili kumwombea Mjomba dakika moja. Mara zote mbili alinipa chai, akaniambia hapana kwa upole.

Na hapa ndipo lilipoingia neno. Nyumbani kwa Mjomba kuna dada wa kazi anaitwa Zaituni, mtu wa Morogoro. Jumanne alikuwa anapiga pasi, Mjomba kando yake anawatumia wachezaji sauti: "Jamani, Ijumaa Nizwa, asikose mtu. Gongo langu mnalijua, la miaka sitini, wallahi halijaharibika! Anayetaka kulijaribu aje kwangu alasiri. Na Donali ataleta mengine ya kwao Ailandi, makali zaidi."

Jumatano asubuhi Zaituni alinifuata uani.

"Kaka, naomba nikuulize. Mzee anakunywa?"

"Anakunywa nini?"

"Gongo. Tena la miaka sitini! Kwetu likikaa vibaya wiki moja linapofua watu. Na huyo mzungu analeta jingine."

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ndoo. Ninyi mnajua, na mimi najua, kwamba gongo ni pombe ya kificho. Lakini wazee wa Ibra waliondoka na neno lao likiwa fimbo ya kuchezea, na limebaki fimbo mpaka leo.

"Umemwambia mtu?" nikamuuliza.

Zaituni akatazama kamba ya nguo. "Nimemwambia shoga yangu tu. Wa nyumba ya pili."

Shoga alikuwa na shoga. Jioni ile wachezaji wakaanza kupiga simu mmoja mmoja. Mgongo unauma, kuna mgeni, gari bovu. Wote sita. Wa mwisho ndiye aliyesema kweli kwa kunong'ona: "Mke wangu kasema nikienda Nizwa na walevi, nisirudi."

Alhamisi nilizunguka nyumba zote sita na Zaituni, yeye mbele amelibeba gongo la Mjomba kwa mikono miwili kama ushahidi wa mahakamani. "Mama, ndilo hili. La kupigia mpira, siyo la kupigia mafunda. Kosa langu." Baada ya nyumba ya tatu alikuwa amekwisha kuwa hodari, anawaonyesha mpaka jinsi ya kushika. Njiani akaniambia, "Wazee wa hapa kila siku wananiambia Kiswahili cha bara kibovu. Mimi nimewaelewa kupita kiasi, ndiyo tabu."

Wake watano walisamehe. Wa sita alilitazama gongo, akamtazama mumewe. "Gongo au magongo, wewe una sukari na miaka hamsini na tano. Hutoki."

Tukawa sita.

Ibra hadi Nizwa, kwa njia ya mkato

Mjomba alijua njia ya mkato kupitia Sinaw. Mkato wenyewe ulikuwa mishkaki. Tulikaa kwenye moshi saa nzima, kila mmoja akisema "huu wa mwisho". Kisha, tulipokaribia Nizwa, akakunja mapema mno, na tukajikuta tunapanda kuelekea Jabal Akhdar. Askari wa kizuizini akatusimamisha, gari dogo haliruhusiwi mlimani. Akachungulia nyuma, akaona magongo.

"Mnakwenda harusini? Mbona bakora zenu zimepinda?"

Mjomba akamweleza kwa Kiarabu: si harusi, ni mashindano ya majimbo ya Ailandi, sisi ni Konakti. Askari akafikiri kidogo. "Harusi ingekuwa bora," akasema, akatuonyesha pa kugeuzia.

Nizwa

Walimu na wauguzi wa Nizwa walikuwa wamekwisha jipasha moto. Donali alituhesabu tunavyoshuka garini. Akahesabu tena, akachungulia kwenye buti.

"Sita," akasema. Rangi ilimtoka, akawa mweupe kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akitufuta sisi hakuna mechi ya mwisho, na mashindano yatakuwa yamemfia mara ya pili, safari hii mikononi mwake mwenyewe.

Nikageuka kumtafuta Mjomba. Alikuwa nyuma ya gari, anavua kanzu. Chini ya kanzu alikuwa na kaptura nyeupe na soksi mpaka magotini. Hakukuwa na duka njiani. Alitoka nazo Ibra. Na sasa nakumbuka namna alivyokuwa akitembea Sur, nadhani alizivaa na huko.

"Huyu wa saba," nikamwambia Donali, kwa Kiingereza changu cha kusoma.

Donali alimtazama mzee, akaitazama timu ya Nizwa iliyojaa wauguzi, nadhani hilo likampa moyo. Akamvisha tenga la kuku kwa mikono yake mwenyewe. Mjomba akaingia uwanjani na gongo lake la miaka sitini, akapiga hatua tano, akasimama. Akanirudia.

"Mwana wa dada," akasema chinichini, "nisimame wapi?"

Mfungaji wa mabao matatu! Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu, ya siku nyingi, matamu. Nikamwonyesha tu. "Kule mbele, mjomba. Karibu na goli lao. Ukiuona mpira, piga."

Sitakuchosheni na mechi. Nizwa walipiga juu mara kumi na saba na chini mara mbili, ya pili kati ya miguu yangu. Mjomba alikaa kule mbele peke yake kama nguzo ya taa, wala mpira haukumfikia. Mwamuzi alikwisha tazama saa mara mbili pale mwenzetu wa miwani alipoupiga mpira asiouona. Ukabingirika polepole, ukapita miguu ya mwalimu mmoja, ukaenda kusimama mbele ya Mjomba kama uliotumwa.

Nilimwona anainama. Gongo halikupita bega. Alilenga chini, kona ya kushoto, hata mimi niliona. Lakini lile kunjo la gongo la zamani lilizama chini ya mpira, ukapaa. Ukapanda, ukapanda, ukapita juu ya mwamba kwa kiasi cha upana wa kofia.

Mjomba aliliachia gongo, akashika kichwa kwa mikono miwili. Akabaki vile, ameinama, anatazama soksi zake. Nyuma ya goli kitambaa cheupe kilikuwa kinapepea, na wenzetu wanakimbia na vitambi vyao wanapiga mayowe. Nikaacha goli langu wazi nikakimbia uwanja mzima.

"Umepita juu," akasema, hanitazami. "Nimekosa. Umepita juu."

"Juu ndiyo yenyewe, mjomba! Umefunga!"

"Juu?"

"Juu!"

Akainua uso, akakiona kitambaa. Akakitazama muda mrefu mpaka mwenye kitambaa mkono ukamchoka. Donali alikuwa anapangusa macho na kusema ni vumbi. Nizwa kuna vumbi, hilo ni kweli.

Kombe mnaloniulizia lilikuwa dele la shaba. Liko Nizwa, wanapikia kahawa. Msimu mzima Ibra ilipata pointi moja, nami nimekuambieni ni ya nani.

Nikampigia mama. "Amecheza?" akauliza kabla ya salamu.

"Amecheza. Na amefunga."

"Mangapi?"

"Moja."

"Basi atasema matatu."

Ibra, Ijumaa ya mwisho

Hakusema matatu. Kwenye sabla, ukumbi wao wa wanaume, Bwana Khalfani alimmiminia kahawa akamwomba habari za Nizwa. Mjomba akaeleza yote kama yalivyokuwa: kwamba alilenga chini, kwamba mpira ulipaa, kwamba ulipita juu ya goli, kwamba ikawa pointi. Unguja hakuigusa hata kwa neno moja. Miaka sitini amewalisha uwongo, wamesema mashallah. Siku hiyo aliwapa kweli tupu.

Sabla nzima ikaangua kicheko.

"Mpira upite juu ya goli, halafu uhesabiwe?" Bwana Khalfani akapangusa machozi. "Sleyum, ndugu yangu, uzee umekuingia. Yale ya Unguja tuliyakubali, lakini hili!"

Mjomba akanigeukia, uso umemwiva. "Sema! Wewe ulikuwepo!"

Nikaapa ni kweli, nikawaeleza habari za mabomba na vitambaa. Walinisikiliza kwa adabu wanayopewa wageni. Kisha Bwana Khalfani akaniuliza, kwa ajili ya kubadilisha mazungumzo tu, "Na wewe golikipa, umetoka Unguja kote huko. Walikufunga mangapi?"

Nikafikiri lile la kati ya miguu. Nikamtazama Mjomba, naye akanitazama.

"Hata moja," nikasema. "Yote yalipita juu."

"Mashallah," wakasema wote.